Ndege ya Ursula

Ursula Magesa alipunguzwa kazini mwaka 1998, baada ya miaka kumi na saba ya kuunganisha simu za watu katika ofisi moja mjini Musoma. Mtambo mpya ulikuja, ukafanya peke yake kazi ya wanawake sita. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Kitu alichokikosa zaidi kilikuwa kompyuta ya chumba cha mhasibu. Saa ya chakula mhasibu alikuwa akimwachia acheze mchezo wa kurusha ndege. Hakumwambia mtu yeyote jinsi alivyoupenda.

Mafao yalipotoka, mumewe Clementi alichukua sehemu kubwa akanunua nyavu. Kilichobaki Ursula alikipeleka mtaa wa Mukendo kwa Machage, fundi aliyeleta vipuri vya kompyuta vilivyotumika kutoka Nairobi kupitia mpaka wa Sirari.

"Nataka ya nyumbani," alimwambia. "Iwe inacheza michezo."

Machage alidhani anatania. Alipoona hatanii, akaanza kumpangia vipuri mezani. Walichagua prosesa ya zamani ili wabakize hela ya kadi ya picha. Monita ilikuwa na mkwaruzo pembeni, kwa hiyo ilipunguzwa bei. Diski, Ursula aliiweka sikioni ikizunguka, akakataa ya kwanza na ya pili kwa sababu zilikwaruza. Mwishoni fedha zilibaki za kitu kimoja tu.

"Mama, hapa uchague," Machage alisema. "Uongeze memori, au uchukue stabilaiza ya kuilinda. Umeme wa huku unakatikaga, ukirudi unarudi na hasira."

"Memori hii iliyopo, ndege itaruka?"

"Itaruka, ila itakuwa inakwama-kwama hewani."

"Niongezee memori," Ursula akasema.

Kwa siku tisa alirusha ndege. Alimaliza kufua, akaweka ugali mezani, kisha akaketi. Clementi alimvumilia siku tatu.

"Mama Marcelina, watu wananiuliza kama una akili timamu. Mtu mzima anacheza."

"Kule kazini nilikuwa na kiti changu, Baba Marcelina. Hapa nyumbani nimekaa kiti kipi?"

Clementi alichukua koti lake, akaenda ziwani.

Siku ya kumi, mchana, umeme ulikatika Ursula akiwa juu ya mawingu. Alikwenda kuchota maji bila kuchomoa waya. Aliporudi, taa ya sebuleni ilikuwa inawaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida na chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Alichomoa haraka, lakini kasha la kompyuta lilikuwa la moto na feni haikuzunguka tena.

Alivibeba vyote hadi kwa Machage, naye akalifungua kasha palepale kibandani kwake. Bodi kuu ilikuwa nyeusi upande mmoja, na diski ilikuwa kimya.

"Memori imepona," alisema kwa sauti ya chini. "Naweza kuinunua, na hiyo monita."

Ursula alikubali. Fedha ile haikutosha hata bodi iliyotumika. Alipofika nyumbani alimweleza mumewe kila kitu, akingoja matusi, lakini Clementi alisema tu, "Basi, turudi kijijini, Mugango." Ile huruma ilimuuma kuliko matusi.

Wakahama. Nyavu ziliibiwa ziwani kabla ya mwaka kwisha, na wakabaki na kuanika dagaa wa wengine kwa ujira.

Mwaka 2000 Machage alimtumia ujumbe kwamba ofisi moja mjini inatafuta watu wanaojua kompyuta. Ursula alivaa gauni lake la kazini, akaenda. Dada wa mapokezi alimuuliza alijifunzia wapi.

"Niliunda yangu mwenyewe."

Dada alimtazama mikono iliyopasuka kwa kazi ya dagaa, kisha akasoma karatasi ya tangazo. "Wanataka wasiozidi miaka thelathini na tano, mama. Samahani."

Ursula alimshukuru. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa, na dagaa walikuwa bado wameanikwa mchangani, kwa hiyo aliwahi gari la mchana kurudi Mugango.