Somo Wetu na Ufagio Wake

Vichochoro vya mtaa wa Kuze ni vyangu. Wenye maduka wakifungua milango asubuhi hukuta kumeshafagiwa, taka zimo kwenye toroli, nami nimesimama na ufagio wangu nikingoja kusalimiwa. Nimeajiriwa na kaunti na kazi yangu naijua. Kama hayo ni majivuno, basi najivuna.

Binti yangu wa miaka saba hakuliona jambo hili kwa macho yangu. Shuleni alikuwa akisema tu kwamba babake "yuko kaunti", akawaacha wenzake wajichoree meza kubwa na kiti cha kuzunguka. Nililijua siku mwalimu wake aliponivuta kando na kuniuliza, kwa heshima zote, kama ningeweza kumsaidia dada yake yeye mwalimu kupata leseni ya duka. Pale shuleni nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, maana liliniuma. Sikumgombeza. Nilitaka jambo moja tu, mwanangu asinionee haya, na hilo halipatikani kwa kugombeza.

Basi ikafika Novemba. Jumuiya yetu pale Majengo, yaani zile familia za Kikatoliki zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba, ina mtakatifu wake, somo wetu. Alikuwa mtawa mweusi wa nchi ya Peru, na katika picha huonyeshwa ameshika ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula sahani moja. Sikukuu yake hufanyiwa nyumbani kwa mmoja wetu, na watoto huigiza maisha yake. Mwaka jana zamu ilikuwa yetu. Binti yangu akapewa kuwa mtakatifu, na mdogo wake wa miaka minne akawa panya.

Binti akafurahi kupita kiasi, akaalika wasichana watatu wa darasani kwake wanaokaa mtaa wa Buxton. Halafu nikamsikia jikoni akimuuliza mamake, polepole, kama baba naye atakuwepo.

"Kwani hii nyumba ya nani?" mamake akamjibu.

Nikajifanya sikusikia. Nikashughulika na mavazi. Mtawa yule huvaa joho jeupe na juu yake jeusi, nasi hatukuwa na hilo wala lile. Bibi mmoja wa Kuze, ambaye hanipiti bila kunipa sabalkheri, akaniuliza mbona nina mawazo. Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na kanzu ya mjukuu wake na buibui lake la zamani.

"Na huyo mtu wenu alikuwa akifanya kazi gani?" akaniuliza.

"Alikuwa akifagia, bibi."

"Ah! Basi ni mwenzio huyo. Chukua, mwanangu, wala usiniharakishie kurudisha."

Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kilichonishinda ni yale mazoezi. Mtoto alikuwa akipiga ufagio chini kama anayefukuza kuku, vumbi juu, taka palepale. Nikavumilia siku ya kwanza. Siku ya pili nikaondoka kitini.

"Hebu lete. Nyunyiza maji kwanza. Haya, upepo watoka wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea ukutani kwa jirani.

"Basi upe mgongo. Mkono mmoja chini, mmoja juu. Usirushe. Vuta."

Akavuta. Wiki nzima, akitoka shule, tulikuwa uani mimi na yeye, na nasema bila haya kwamba mtoto ana mkono. Wako watu wazima kazini kwetu hawafagii vile. Lakini juu ya lile la shuleni hatukuambiana neno.

Siku yenyewe ua ulijaa watu. Mke wangu alikuwa amepika pilau, nami nikawekwa kwenye sufuria na mwiko, nipakue. Baada ya sala binti yangu akatoka ndani, mikono ya kanzu imekunjwa, buibui mabegani, na mkononi ameshika ufagio wangu wa kazi, ule wenye mpini mrefu kumshinda yeye. Sikuwa nimempa. Akanyunyiza maji, akatazama upepo, akageuka, akaanza kuvuta. Vumbi halikuinuka, na ua ukasafika mbele ya macho ya watu. Panya naye akaimaliza sahani kabla mbwa na paka hawajafika, watu wakaangua kicheko.

Kicheko kilipotulia, mmoja wa wale wasichana wa Buxton akauliza kwa sauti, "Nani kakufundisha kufagia hivyo?"

Nikainamia sufuria nikakoroga pilau isiyohitaji kukorogwa. Nilikuwa tayari kusikia kwamba ni mamake.

"Babangu," akasema. "Ndiyo kazi yake. Kuze yote yeye ndiye huifagia." Kisha akaninyooshea mpini wa ufagio, mbele ya jumuiya nzima. "Huyo hapo, mwenye mwiko."

Wale wasichana wakaja mbele yangu, wakanipa shikamoo mmoja baada ya mwingine. Nikaitikia marahaba zote tatu huku machozi yananitoka, wala sikuyafuta.