Bega Lililogoma Kwenda Mgongoni

Mpira wa mikono naujua kuliko refa. Sheria zake tu usiniulize. Filimbi ikilia, huwatazama wenzangu kwanza ndipo nijue nishangilie au nizomee.

Saa kumi na mbili asubuhi, Mzinga anapanga sabuni kwenye katoni. Jina hilo kapewa na makipa waliowahi kupigwa na mipira yake. Wenzake wamefunga kamba za aproni mgongoni. Yeye kafunga tumboni.

"Fasheni," anasema. Hacheki.

Kwa miaka kumi na moja ameirushia timu ya kiwanda, mirusho karibu mia mbili kila siku ya mazoezi. Mkono wake wa kulia hurudi nyuma ya kichwa mpaka mtazamaji unaumia wewe. Lakini mwambie ajikune mgongo: unafika kiunoni, unakwama. Sidiria kwake ni vita, na siku nyingi sidiria hushinda.

"Mwanzoni nilifurahi," anasema. "Kila mkono ulivyozidi kurudi nyuma, mpira ulitoka na hasira. Kumbe bega upande mmoja linalegea, upande mwingine linakaza."

Sasa linauma hata akinyanyua katoni.

"Kiwanda kiliniajiri kwa bega, sio kwa cheti. Likiachwa na timu, na mimi natoka getini. Mama yangu anakula kwa bega hili."

Mwaka jana wachezaji wawili walitoka hivyo hivyo. Yeye anaomba msimu mmoja tu, ajifunze mashine ya kukata sabuni. "Ile haitaki bega, inataka macho."

Mchana daktari wa timu anakuja kupima nani bado anafaa kucheza. Anamfungua Mzinga vifungo viwili vya nyuma ya blauzi, anambandika kiplasta katikati ya mgongo.

"Kibandue kwa mkono wa kulia."

"Jamani daktari, na wanaume wote hao mlangoni? Niende chooni mara moja."

Anarudi upesi, kiplasta kidoleni, tabasamu mpaka masikioni.

"Umebandua mwenyewe?"

"Mwenyewe! Kwa huu huu wa kulia."

Daktari anashika kalamu aandike kwamba ni mzima. Mlango unasukumwa. Ni mama wa usafi, na ndoo yake.

"Mwanangu, mbona umekimbia? Nimekubandulia plasta, nikasahau kukufunga kifungo cha juu."

Kalamu inasimama. Mzinga anapeleka mkono mgongoni haraka, anakitafuta kifungo, anakipata.

Ni mkono wa kushoto.