Mama mukwe aliweka nini ndani ya uji ya mutoto wangu?

Admini, jina langu ondoa kabisa na picha usiweke, juu wifi yangu anasoma kila kitu yenye unaposti hapa.

Mi niko mwanamuke wa miaka ishirini na saba, mushonaji hapa Gisenyi. Bwana yangu anaendesha lori, wiki nzima iko njiani. Tuko na mutoto mumoja, kijana wa miaka mbili, tumuite Shafi.

Wenye wananijua wanajua sichezi na mutoto wangu. Nilipomuachisha ziwa nilisema huyu hatakula kama watoto wa kijijini, maharagwe na majani kila siku. Asubuhi chai ya sukari na mandazi, saa sita chipsi ama bugali na mchuzi ya nyanya, akilia kidogo namupa biskuti na soda. Mashavu yake ilikuwa inang'aa! Wateja wakifika kwa mashini yangu wanamushika shavu, "Ayii, huyu ni bosi!" Nami nafurahi, kwa nini nisifurahi? Kweli hakuwa anacheza sana, siku nzima anakaa tu kwenye mukeka, ukimugusa analia. Na nywele ilianza kuwa nyekundu kama ndevu ya mahindi. Nikasema ni tabia yake, na nywele ameitoa kwa shangazi zake.

Bon, nilipata kazi ya nguo za harusi, nikakosa muda ya kumuangalia. Bwana yangu akamupeleka kwa mama yake kule Bugeshi. Sikupenda. Huyu mama tangu ndoa yetu hajaniangalia usoni vizuri, alitaka kijana yake aoe kwao, si binti ya Kiislamu ya mjini. Lakini kazi ilikuwa imenibana, nikakubali.

Kisha wiki kadhaa, siku naenda kumuchukua, nilipiga kelele pale pale mulangoni. Mutoto wangu munene alienda wapi? Mashavu hakuna, miguu imekuwa vijiti! "Maman, umemufanyia nini mutoto wangu?" Yeye hata hakushtuka. "Sasa ndio anacheza," akasema. "Muangalie." Kweli Shafi alikuwa anafukuza kuku nje. Lakini mi nilikuwa naangalia mifupa, si kuku.

Ndio nikamuona anafungua kopo, anachota unga ya kijivu, anaikoroga kwenye uji ya mutoto. Nikauliza ni nini hiyo. Akacheka, "Ni dawa ya njaa." Dawa! Nikanusa, samaki. Samaki ndani ya uji? Nani amewahi kuona hiyo? Nikasema moyoni, harufu imewekwa ili ifiche kitu ingine. Nyie wa huku munajua tunavyoogopa sumu. Hata ukimupa mugeni kinywaji, unaonja wewe kwanza ndio aamini. Nikafunga ile unga kidogo kwenye leso, nikabeba mutoto, na njia nzima nikawaambia majirani wake kwa sauti: "Huyu mama analisha mutoto wangu sumu!"

Nilienda moja kwa moja kwa kituo ya afya wapime ile unga. Muuguzi akanusa. "Maman, hii ni sambaza. Imekaushwa, ikasagwa pamoja na soya." Sambaza, hii samaki ndogo ya ziwa yetu, yenye inapita mbele ya mulango yangu kila siku! Akaomba picha ya mutoto ya kabla hajaenda Bugeshi. Nikamuonyesha kwa simu na kiburi yangu yote. Akaivuta na vidole ikue kubwa, akaangalia miguu.

"Huyu hakuwa munene," akasema. "Alikuwa amevimba. Ni maji. Ni utapiamlo, maman. Alikuwa anashiba sukari na wanga, lakini ya kujenga mwili hakuna. Bibi yake amemupa maharagwe, mboga, mayai, maziwa na hii sambaza, maji ikatoka. Yenye unaona sasa ndio mwili yake ya kweli."

Utapiamlo! Nyumba yenye inakula chipsi? Nikamuuliza we kwenu ni wapi. Akasema Mudende. Nikaona, aah, ni upande ule ule ya mama mukwe, wamejuana hawa. Nikarudi nyumbani, nikaendelea na chai yangu na mandazi.

Wiki zikapita. Juzijuzi namuvalisha Shafi viatu, haiingii. Nikafinya mguu na kidole, shimo ikabaki pale, haikurudi. Wallahi nilikaa chini nikalia.

Sasa napika maharagwe, mboga ya majani ya dodo, hata sambaza. Anafunga mudomo, anatema, anamulilia bibi yake. Nilirudi kwa yule muuguzi na aibu yangu. Akasema mpaka Jumatatu asipokula vizuri, analazwa hospitali. Donc jana tukapanda Bugeshi na bwana yangu. Mama mukwe alimupakata Shafi, akashika ile miguu, machozi ikamutoka. Lakini kumupikia alikataa.

"Toka siku ile hakuna jirani anachukua maziwa kwangu," akasema pole pole. "Kwa ubatizo ya mutoto wa jirani nilipita na sahani ya chakula, hakuna mutu alinyoosha mukono. Nikimulisha huyu na kesho akaumwa, nitaitwa nani? Ulisema mbele ya watu. Rudi kwa watu hao hao uwaambie ulikosea. Hapo nitapika."

Bwana yangu anataka niseme Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mama yangu muzazi anasema nisithubutu, nikijiita muongo mbele ya watu watanishika na hiyo neno mpaka nife. Na mi mwenyewe, msinicheke, roho yangu bado haijatulia. Najiuliza kama huyu mama hataki tu kunipora mutoto. Halafu naangalia ile miguu, naogopa mawazo yangu kuliko ile unga.

Niambieni ukweli, hata mukinitukana. Niende Jumapili ama nifanye namna gani? Musichelewe, juu naandika hii na sahani ya Shafi iko mbele yangu, bado imejaa.