Mkono wa Chumvi

Wateja wanamwita Mama Njegere. Mumewe walimwita Fundi Chumvi. Kachori zao waliziuzia dirishani, mkabala na kituo cha teksi, na kazi waliigawana tangu walipooana. Mke alichemsha njegere, akaziponda kidogo ili nyingine zibaki nzima, akazikaanga na tangawizi, pilipili na bizari nyembamba mpaka zikakauka. Mume alikanda unga wa kuzifungia. Chumvi yote, ya unga na ya njegere, aliitia yeye kwa vidole, akionja. Mke hakuwahi kuigusa.

"Kila ndoa na mipaka yake," alizoea kutania.

Mume alipougua ini, dirisha likafungwa. Hospitali ilimrudisha nyumbani bila maneno mengi. Akawa anaonja uji, kisha anageukia ukuta. Mke alishikilia imani moja tu: mzee akila, atapona.

Asubuhi moja mume akasema, "Nina hamu ya kachori."

Mke hakungoja aambiwe tena. Harufu ilipotoka nje, dereva wa teksi akagonga dirisha.

"Mama Njegere, mzee akiugua na sisi tufe njaa?"

"Hizi si za kuuza, shemeji."

"Basi ninuse. Kunusa bei gani?"

"Bure. Meza mate uende kazini."

Alijikuta anacheka. Aliacha njegere zipoe, maana zikifungwa za moto kachori hupasukia kwenye mafuta, halafu akakaanga kwa moto mdogo.

Mume aliegemezwa kwenye mito. Akang'ata, akatafuna taratibu, akang'ata tena.

"Vipi, baba?"

"Chumvi imekaa mahali pake. Kumbe miaka yote ulikuwa unaniibia ufundi."

Akaimaliza. Mke, kwa furaha, akachukua moja na yeye.

Haikuwa na chumvi hata chembe, si kwenye unga, si kwenye njegere. Kwa mazoea, mkono wake ulikuwa umemwachia mwenzake kazi yake.

Alimtazama usoni. Mumewe akitania hupandisha unyusi mmoja. Sasa nyusi zote mbili zilikuwa zimetulia. Ulimi wake ulikuwa umemtangulia; haukuijua tena chumvi.

"Mbona huli?"

"Nakula, baba."

"Kesho upike hivi hivi. Usiongeze, usipunguze."

Akapika hivyo hivyo kesho yake, na kila alipoombwa. Walikula pamoja, yeye akisukumia kila tonge kwa maji. Angeweza kumwuliza kipimo, naye angekitaja hata usingizini. Lakini kuuliza kungekuwa kumwambia. Hakuuliza, mpaka wakamzika.

Madereva wanataka kujua dirisha litafunguliwa lini. Amejaribu mara kadhaa. Anakanda, anajaza, anakaanga, anaonja, halafu anamwaga.

"Kachori najua kupika," anasema. "Chumvi ndiyo sijui."