Mashine Isiyo na Waya ya Papa Falone

Siku Aimé na mkewe Emérance walipokimbia vita kijijini kwao huko Djugu, kila mmoja alibeba alichoona hakiwezi kuachwa. Emérance alijitwika godoro na kufunga masufuria mgongoni. Aimé alipakia gunia la kahawa kwenye baiskeli, akalikaza kwa mpira, akalisukuma mpaka Bunia. Si unga, si maharagwe. Kahawa, na tena kahawa ambayo yeye mwenyewe, mtu aliyezeekea chini ya miti yake, hakuwahi kuinywa. Njia nzima Emérance alimtukana, na akili yake, na ukoo uliomzaa.

Usishangae kwamba hakuwahi kuinywa. Kule kwao kahawa ilikuwa mali ya kupanda kwenye lori na kwenda zake. Nyumbani watu walikunywa chai yenye sukari nyingi wakashukuru. Mara moja tu, kwenye kituo cha kuoshea kahawa, Aimé alimwona mnunuzi akipita mbele ya vikombe, akivuta kahawa ya kila mkulima kwa kijiko kwa kelele, kisha akiitema kwenye ndoo. Alipofika kwenye kikombe cha Aimé akaitema vilevile, akasema hii ina tunda ndani yake. Aimé alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Mtu anatema jasho lako mbele yako, halafu anakuletea mzaha wa matunda.

Sasa miti yenyewe haipo. Waliopita kule wanasema mingine imekatwa kuni, iliyobaki imemezwa na majani. Kilichosalia cha kazi ya maisha yake ni lile gunia, kwenye pembe ya chumba walichopanga Bunia, mtaa wa Mbunya. Alilipandisha juu ya mbao ili unyevu usilipate, na kila siku aligombana na mkewe, anayeuza samaki wakavu wa Kasenyi, kwa sababu kahawa huiba harufu ya chochote kilicho jirani. Emérance alimjibu kwamba samaki ndio wanaowalisha, na gunia halijawahi kumlisha mtu.

Kisha Falone, binti yao, akapiga simu kutoka Gety. Amejifungua, na kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, anakuja kupumzika kwa mama yake. Chumba kilikuwa na nafasi moja tu ya kuongeza kitanda, na nafasi hiyo ilikuwa ya gunia.

“Papa Falone,” Emérance alisema, bila kupandisha sauti, “mutoto wako iko nakuya na mutoto yake. Batalala wapi, juu ya kahawa? Uzisha ile sac.”

Aimé akalitazama gunia, akakubali. Aliomba jambo moja tu: kabla gunia halijatoka, naye aonje. Hakutaka kuingia kaburini bila kujua alikuwa akilima nini. Emérance akaona ombi hilo halina gharama. Wakatwanga punje kidogo kutoa maganda, wakapepeta, wakakaanga kwenye mbabula ya makaa, wakaponda na kuchemsha kwenye sufuria kama chai. Yakatoka maji meusi yenye matope. Emérance alionja, akafuta ulimi kwa ncha ya kitenge, akauliza kama hicho ndicho kitu kilichosukumwa njia yote ile huku vyombo vyake vizuri vikibaki nyuma. Aimé alimeza yake yote kwa ubishi tu. Ilikuwa mbaya, na alijua ni mbaya, na moyo ulimuuma vibaya sana.

Siku hizo Aimé alikuwa akishusha mizigo kwenye dépôt, yaani ghala, ya Mumbere, mfanyabiashara wa kutoka Butembo anayeuza vyombo vya jikoni vilivyokwisha tumika, vinavyovuka ziwa kutoka Uganda. Mumbere alikulia kwenye nyumba ya wauza kahawa, na aliposikia habari ya sufuria alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema kahawa ya namna hiyo haichemshwi, inakamuliwa. Kisha akamwongoza nyuma ya marundo ya sahani, mahali palipokuwa na mashine mbili ambazo hakuna mtu wa Bunia aliyewahi kuuliza habari zake.

Ya kwanza iling'aa kama kioo, ina vitufe na taa. Ya pili ilikuwa chuma kizito kisicho na waya: kikombe cha kutia maji juu, kichujio chini yake, na mkono mrefu wa kukandamiza. Mumbere, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, alianza kuisifu ile yenye taa. Aimé akamuuliza inakula nini. Mumbere akakuna kichwa, akakiri kwamba inataka courant, umeme usiokatika, na vikopo vyake maalumu vya kahawa ambavyo hata Kampala unavitafuta kwa tochi. Na hii ingine? Hii ingine, alisema, inataka maji ya moto na mkono wenye nguvu. Aimé alitazama mikono yake, akachagua hapohapo. Walipatana ailipie kwa kushusha mizigo, na Mumbere akampa masharti kama mtu anayeoza binti. Ioshe mara tu ukimaliza. Usiache kahawa ilale ndani. Toa ule mpira wa mviringo, ukaushe, na usithubutu kuupaka mawese, yataoza humo na kila kikombe kitanuka.

Aimé aliitikia yote. Kosa alilofanya halikuwa kwenye masharti.

Mashine inataka unga, si vipande. Na mtu wa Mbunya akitaka unga anakwenda wapi? Anakwenda mulini, kwenye mashine ya kusagia. Aimé alipeleka kahawa yake iliyokaangwa kwa Constant, anayesaga mihogo ya mtaa mzima, akatoka na unga laini kuliko alivyoota. Haikumpitia akilini kwamba mihogo ya mteja aliyetangulia huwa haitoki yote kwenye mawe. Alijaza kichujio, akamimina maji yanayotokota, akakandamiza. Hakuna kilichotoka. Akaweka uzito wake wote. Mkono wa chuma ukamsukuma juu kama unamkataa, kisha mlio ukatoka, na uji wa rangi ya udongo ukaruka mpaka ukutani.

Alipofungua, ndani kulikuwa na donge linalovutika. Emérance alilibonyeza kwa kidole, akalitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Mumewe alikuwa amepika fufu, ule ugali wa muhogo, ya kahawa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka namna hiyo tangu Djugu, na Aimé, ambaye alitaka kukasirika, akashindwa.

Ila mashine ilikuwa imeziba. Fufu ikikauka unaijua. Aliilowesha, akaifungua kipande kwa kipande juu ya mkeka, akazibua vitundu vya kichujio kimoja kimoja kwa kijiti cha ufagio. Katika kuisafisha ndipo akaifahamu: maji yanaingia hapa, yanabanwa pale, mpira unazuia kule, na kila kitu kinategemea unga kutokuwa laini mno wala mkubwa mno. Alishangaa kwamba mtu mahali fulani alikaa akafikiria haya yote kwa ajili ya punje iliyotoka kwenye kilima kama chake.

Emérance ndiye aliyetoa kinu. Alisema mwanaume hajui kutwanga, anapiga tu. Akatwanga yeye, taratibu, akachekecha, vumbi akalitenga, vipande vikubwa akavirudisha kinuni, mpaka ikabaki chengachenga ya ukubwa mmoja. Falone alikuwa anatarajiwa kesho yake.

Aimé alimimina maji, akangoja kidogo, akashusha mkono polepole. Safari hii chuma kilimpinga, lakini kama mtu anayetaka kusadikishwa. Kisha chini ya kichujio likaonekana tone. Likanenepa, likaanguka, likafuatwa na uzi mwembamba mzito wa hudhurungi, na juu ya kikombe likatanda povu la rangi ya udongo wa shamba lao mvua ikianza. Harufu ilijaa chumba ikawafunika samaki. Aimé akakiinua kikombe.

Alionja. Kwanza uchungu, akakunja uso. Halafu nyuma ya uchungu kikaja kitu kikali na kitamu, kama maracuja, tunda la pasheni, inayopasuliwa mdomoni, na kikakaa, hakikutaka kuondoka. Tunda. Yule mnunuzi hakumdhihaki. Miaka yote ile, kila punje aliyoiokota ilikuwa imebeba hiki kitu ndani, naye alikuwa akikishona kwenye magunia bila kujua. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Emérance aliomba sukari, akatia vijiko vitatu, akakoroga, maana hakuwa tayari kudanganywa na machozi ya mwanaume. Akanywa kidogo. Akanywa tena, akamaliza, akabaki ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

“Ni hii tulikuwa natuma kwa batu,” alisema, “na siye tulikuwa nakunywa majani.” Kisha akasema bila kumtazama: “Ile siku mu njia nilikutukana sana, Papa Falone. Sikujua kitu ulibeba.”

Aimé alisema haidhuru. Kisha akauliza kama aende kumwita mnunuzi wa gunia kabla ya Falone kufika.

“Sac haitatoka,” Emérance alisema. “Ni weye utatoka. Utalala kwa dépôt ya Mumbere mpaka mutoto atapata nguvu.”

Aimé akatoka. Aliosha mashine kwanza, akakausha mpira, akachukua mkeka chini ya kwapa, akaenda mjini akipita watu waliomsalimia asiwajibu ila kwa kichwa. Hakuwa amewanunia. Alikuwa amefunga mdomo ili ladha isimtoke.