Pikapu Tuliyoinua Bwera

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kamba, kipande cha chaki na msumari, akanionyesha lori lililosimama katikati ya karakana yetu pale Kasese. Ilikuwa miaka ya sitini, nami nilikuwa na ndevu tayari, nikaona kama ananidharau.

"Leo unapima tu," akasema. "Mtu anafungua nati bila kupima, huyo iko mwizi."

Alikuwa amejifunza kazi mgodini, na hakupenda maneno mengi. Ndiye aliyenifundisha kunyoosha magurudumu ya mbele, kazi ambayo siku hizi mnaiachia mashine na kuiita alaimenti. Sisi tuliinua gurudumu kwa jeki, tukalizungusha huku tumeligusisha chaki, kisha tukachora mstari mwembamba kwa ncha ya msumari juu ya ile chaki, kuzunguka tairi lote. Upande wa pili vivyo hivyo. Gari likishushwa, tulilisukuma hatua mbili ili likae sawa, tukanyoosha kamba kutoka mstari hadi mstari, mbele ya magurudumu na kisha nyuma yake. Mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa unene wa njiti ya kiberiti, basi. Yakizidi kuangaliana, au yakiachana, tairi litalika kama sabuni na gari litatangatanga barabarani.

Nilikaa Kasese miaka sita. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Fundi Mkuu akanipeleka Bwera, karibu na mpaka, tulikokuwa na tawi dogo. Mkubwa wangu kule aliitwa Msimamizi wa Tawi. Hakuwa fundi, alikuwa mtu wa ofisi, lakini alikuwa mpole na alinipa chumba nyuma ya nyumba yake.

Huko ndiko alikotujia Mama Kahindo. Alikuwa Mkongo wa Butembo aliyehamia Bwera na watoto wake, mfanyabiashara wa maharage na samaki wakavu, Mkatoliki asiyekosa misa. Alikuwa na pikapu moja tu, na dereva wake aliitwa Bwambale, Mkonzo mwenzangu, mtu wa makamo, mkimya. Pikapu hiyo ilipanda milimani kuchukua maharage, na mawe ya njia zile yalikuwa yameanza kuitoboa tumbo.

"Mufundi, uniinulie hii motokari," Mama Kahindo aliniambia. "Kule juu njia iko mawe tupu."

Kuinua pikapu si kazi ya ajabu. Tuliongeza majani mawili, yaani vile vipande vya chuma vinavyolala kimoja juu ya kingine, katika kila springi, na kwenye ncha za springi tukafunga shakeli ndefu zaidi, yaani vile vyuma vinavyozining'iniza springi kwenye chasisi. Lakini ukiinua hivyo, ekseli ya mbele inageuka kidogo, na ule mwinamo unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona unapotea. Dawa yake ni kupachika kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Tena tulikuwa tumeifungua fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, kwa hiyo vipimo vyote vya zamani vilikuwa vimekufa. Ilibaki kazi ya nusu siku: kabari, kamba, chaki.

Ilikuwa alasiri ya Ijumaa. Msimamizi alikuja akasimama mlangoni.

"Mama anataka gari yake. Kesho iko soko."

"Bado sijapima, bwana."

"Si inatembea?"

Ilikuwa inatembea. Nilifunga ile fimbo kwa kukadiria kwa macho, nikajiambia Bwambale ataileta tena Jumatatu, niimalizie. Sikumwambia Mama Kahindo wala Bwambale kwamba kazi haijaisha. Sitamsingizia Msimamizi. Yeye hakujua alichokuwa anakiomba, mimi nilijua.

Jumatatu pikapu haikuja. Alhamisi iliyofuata, Bwambale akirudi kutoka Katunguru na samaki, ilimshinda kwenye kona, ikaingia mtaroni na kulala ubavu. Hakufa mtu. Bwambale alivunjika mfupa wa bega. Askari wa kizuizi cha karibu walifika, na mkubwa wao, kabla hata ya kumtoa chini ya usukani, akasema, "Huyu amelewa. Toa gari mtaroni, haraka." Neno hilo lilifika Bwera kabla ya Bwambale mwenyewe. Mama Kahindo alimwachisha kazi siku hiyo hiyo.

Bwambale hakuwa mnywaji. Alikuja karakana, mkono umefungwa kwa kanga ya mkewe.

"Fundi," akaniuliza, "nikikata kona, usukani haikuwa inarudi. Ni gari, ama ni mimi?"

Nilikuwa ninajua. Pikapu ilikuwa imekwisha kuvutwa uani, na nilikuwa nimepitisha kiganja juu ya matairi ya mbele: mpira umesuguliwa, una makali kama jino la msumeno. Nilimwangalia usoni nikasema, "Labda ni barabara."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Siku tano sikulala vizuri wala kula vizuri. Siku ya sita nilimwambia Msimamizi ukweli wote. Aliinuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Nyamaza," akasema. "Nyoosha gari, irudi kwa mwenyewe. Ukisema, hakuna mtu ataleta gari hapa tena. Na mimi niko na watoto."

Hakusema kwa ubaya, aliogopa, na mimi pia niliogopa. Hata hivyo nilienda kwa Mama Kahindo, nikamkuta anapepeta maharage. Nilipomaliza kusema, aliuweka ungo chini.

"Basi nilifukuza mutu juu ya kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilimuita mulevi mbele ya bibi yake." Alijifunga leso kichwani. "Twende. Utasema wewe, na mimi nitasema yangu."

Tulipanda kilima kwa miguu. Bwambale alikuwa anapalilia kahawa kwa mkono mmoja. Nilisema yote pale pale kati ya mistari ya kahawa, na mkewe akatoka nyumbani kusikiliza. Mama Kahindo akamwomba radhi yeye na mke wake, akamwambia kazi yake ipo, bega likipona.

Bwambale aliliweka jembe chini.

"Nilikuuliza," akasema.

Akaliokota, akaendelea kupalilia.

Pikapu niliinyoosha nusu siku, naye Bwambale alikuja akakaa juu ya tairi la akiba, akaangalia kila kipimo. Fundi Mkuu alipopata habari alinirudisha Kasese, na kwa miezi mitatu nikaosha vyuma kwa dizeli kama mgeni wa kazi. Sikulalamika. Tawi halikufungwa. Baadaye nilirudi Bwera, na tangu hapo kila gari nililoliinua nilipanda kando ya dereva safari ya kwanza, likapanda mlima na kushuka, ndipo nikaliachia. Hata afande mwenye bunduki alinisubiri, akinung'unika. Bwambale aliendesha miaka mingi, na akiniletea gari tulisalimiana vizuri, ila hakuwahi tena kuniuliza swali.

Nilistaafu magoti yalipokataa kuingia chini ya magari. Miezi michache baadaye Bwambale akafariki. Msibani nilikaa nyuma, nikamsikia mzee mmoja akimweleza mwenzake kwa sauti ya chini, "Alikuwa dereva mzuri, ila kuna wakati pombe ilimwangusha Katunguru." Miaka yote ile. Habari ya ulevi waliisikia wote, ile ya kweli tulikuwa tumeisema kwenye shamba la kahawa, watu wanne tu.

Wakati wa kumsifu marehemu ulipofika, niliomba ruhusa kwa mjane. Akaniambia, "Sema yote." Nikasimama mbele ya jeneza na ya mji mzima, nikajitaja jina, nikasema: ile siku hakuwa amelewa, ni mimi sikupima.