Mfereji wa Jicho la Maji

Harufu ya majani yanayooza chini ya udongo ikinipata popote, hata uani kwa mtu mjini Sumbawanga, hunirudisha kwetu na kunichefua. Sisi Wafipa tunalima kwa ntumba: unafyeka majani, unayalundika, unayafunika udongo yawe tuta la mviringo, unayaacha yaoze yawe mbolea. Kwa kazi hiyo hakuna wa kutufundisha, na majivuno hayo ndiyo yaliyotuponza.

Juu ya nyumba yetu palikuwa na kinamasi kilichozunguka jicho la maji. Kijito kilianzia hapo, kikapita kwetu, kikateremka hadi kwa Shangazi Veronika, dada yake baba, karibu na ukingo wa bonde la Rukwa. Mwezi wa tisa, wakati vijito vingine vimekauka, yeye alikuwa anamwagilia maharage yake. Bibi alikuwa akisema pale ni mlangoni kwa maji, na mlangoni hapalimwi.

Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi wenye malori yao wakaanza kufika Laela, wakichukua mahindi papo hapo, hakuna tena kungoja ushirika. Jamani, baba alichanganyikiwa! Bibi alikuwa ameshafariki, wa kumkataza hakuna. Akapiga ntumba kinamasini. Majani yakagoma kuoza, maana yalikuwa yamezama majini. Mtu mwingine angeacha. Baba akasema, "Tutapakausha," tukachimba mfereji wiki nzima, yeye na mimi binti yake wa miaka tisa, matope mpaka mapajani. Akanisifu kwa majirani. Nikavimba kichwa.

Mahindi ya mwaka ule, we acha tu! Lakini mvua zilipokoma mwaka uliofuata, maji yote yalikuwa yameshakimbilia mferejini na kwenda zake, kinamasi hakikubakiwa na akiba. Kufika mwezi wa nane kijito kilikuwa mchanga mtupu.

Shangazi alipanda kwa miguu akikifuata kijito, akitafuta maji yalikoishia. Alinikuta mferejini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kachimba hapa?"

"Mimi na baba!" nikasema, tena kwa kujidai.

Hakunigombeza. Alikwenda kwa baba kumwomba aufukie, akapiga magoti, mtu mzima yule, mbele ya watoto. Baba akamjibu, "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Shangazi akainuka, akakung'uta kanga, akaondoka bila kuaga. Maharage yake yakafa yote, na mwaka ule ule yeye na familia yake wakahama.

Baba alipofariki, Shangazi alikuja msibani. Alilia kwa uchungu, akapika na wanawake wenzake, lakini alikuja na dumu lake la maji, na kwa siku tatu hakunywa hata tone la kwetu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nikamwona ana kisirani. Akili ilinijia baadaye sana. Baba alimtupia methali ile kana kwamba maji ni yake na dada yake ni ombaomba, kumbe hayakuwa yetu hata siku moja. Sisi tulitangulia tu kuyaona.

Shamba lile nimelirithi mimi. Wiki moja inatosha kuufukia mfereji, kama ilivyotosha kuuchimba. Kila mwaka nasema nitaufukia, ngoja kwanza nivune.